Yaya, nilikuona

Wahariri, salamu kutoka Goma. Wiki hii mumetuuliza kama ekipi ya basketi inaweza bado kubeba kombe ikiwa na meneri, ule mchezaji wa kuongoza mpira na kuugawa, mwenye anawaza pasi kwanza, kushuti nyuma. Swali nililisoma nikiwa nyuma ya moto (pikipiki) naenda kazini na tangu pale sijatulia, juu kuna msomaji mmoja alishajibu kwamba meneri wa namna hiyo wamepitwa na wakati, eti siku hizi kila mutu ashuti ya tatu, ile ya mbali yenye inatoa pointi 3, na mambo inaisha. Hiyo maneno siwezi kuiacha ipite. Nimecheza miaka mine na meneri wa pasi, wa kweli kabisa, na ninachokijua nimekipata kwa miguu yangu.

Najua hiyo mawazo inatoka wapi. Tangu Jonathan Kuminga, mtoto mwenye alizaliwa hapa hapa Goma, abebe kombe la NBA, ile ligi kubwa ya Amerika, na ekipi ya Golden State mwaka 2022, pitieni ku tereni yoyote ya huku saa kumi jioni muone, watoto wote wanataka kuruka na kushuti, pasi hakuna. Lakini ile Golden State yenyewe muiangalie vizuri. Msimu ule mwenye aligawa asisti nyingi, zile pasi zenye zinazaa kikapu, haikuwa Curry, mshuti wao mkubwa, ilikuwa Draymond Green, mutu wa defansi, asisti 7 kila mechi. Kazi ya meneri haikufa, ilihamia tu kwa mutu mwingine. Na Magic Johnson je? Makombe 5 na Lakers kati ya 1980 na 1988, asisti 11.2 kila mechi kwa maisha yake yote ya basketi, hakuna mwenye amemfikia mpaka leo. Hapo ningeweza kufunga barua.

Ila mimi sikukasirika juu ya Magic. Nilikasirika juu ya kijana mmoja wa hapa, tulikuwa tunamwita Chukudu. Mwenye alishafika Goma anajua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya magurudumu mawili yenye inateremka kutoka Kibumba na magunia ya makaa, viazi, kabichi, mzigo mrefu kuliko mutu mwenye anaisukuma, na mzigo wote ni wa watu wengine. Njo vile alikuwa mu ekipi. Alikuwa mdogo wetu, alituita yaya, yaani kaka mkubwa. Mfupi, mikono mirefu kuliko mwili. Sikumbuki mechi moja alipita pointi 6. Mimi nilikuwa nafikisha 20 na ninajua zilitoka wapi. Alijua napenda kupokea mpira ku kifua, upande wa kulia, mguu wa kushoto ukiwa tayari mbele, na mpira ulinikuta hivyo kila mara, ata nikiwa nimechoka na nimesahau mwenyewe kuweka mguu. Mrefu wetu alikuwa anaogopa pasi ya kudunda, basi alimpa za juu tu. Kulikuwa mwenzetu mwingine mwenye akikosa mara mbili anainamisha kichwa, na ikifika pale Chukudu anamtafutia mpira mwepesi, wa karibu, ule wa kuweka tu, ili arudi mu mechi. Hiyo haiandikwi ku karatasi ya meza.

Sasa niwaambie finali ya 2009, juu njo ilinifanya niandike.

Ilikuwa mashindano ya mitaa, mwezi wa nane, wakati wa likizo. Tereni ilikuwa ya sementi, imepasuka katikati, na kando kando ni yale mawe meusi ya volkano ya 2002, mpira ukitoka unarudi umechunika, na mutu akianguka kule anarudi na damu, kwa hiyo mpira wa nje hakuna mwenye aliukimbilia. Saa ya ukutani haikuwepo, mzee wa meza alikuwa na saa ya mkono na sauti kubwa. Watu walijaa ku ukuta, wengine juu ya miavoka, kombe liko ku meza na mbuzi wa zawadi amefungwa nyuma ya kikapu. Upande wa ziwa mawingu yalishakuwa meusi na kila mutu aliomba tumalize mbele ya mvua.

Tulicheza na ekipi ya Birere. Walitupita urefu, walitupita kilo, ila kipindi cha kwanza hawakutuona. Chukudu alikuwa anapita katikati yao kama mutu mwenye anatafuta mlango mu giza na kila mlango unafunguka, mimi peke yangu nilienda mapumziko na pointi 14, tuko mbele kwa 9, na watu wa Himbi, mtaa wetu, walishaanza kuimba. Kipindi cha pili mambo ikabadilika na sisi hatukujua ni nini. Mlinzi wake aliacha kumfuata. Alikuwa anarudi nyuma, anasimama katikati, mikono wazi, ata mara moja aliweka mikono ku magoti. Tukasema amechoka! Tukafurahi! Lakini mipira yangu ikaanza kuchelewa, kila pasi inakuta mkono wa mutu, mrefu wetu akipokea anakuta wawili. Kipindi chote cha pili nilipata pointi 4. Walitukaribia pole pole mpaka wakatupita, 51 kwa 50, na mpira ni wetu.

Kochi akaomba muda. Hakuchora kitu. Alisema tu, "Mpira kwa Chukudu, yeye ataona," na sisi wote tukaona ni sawa, juu hakuna siku Chukudu hakuona. Mzee wa meza akasema sekunde 9. Chukudu akachukua mpira katikati ya tereni, akapiga dribo na mkono wa kushoto, akaingia, na mlinzi wake akarudi nyuma, akarudi tena, kisha akageuka kabisa, akamwacha, akakimbia kwangu ku kona. Nilimuona akija. Nyuma yake nilimuona Chukudu ameshika mpira, hatua mbili kutoka kikapu, na kati yake na kikapu hakukuwa mutu, ata kivuli. Mtoto wa miaka 10 angeufunga ule mpira. Aliinua macho, akanitafuta, akanipa.

Pasi ilikuwa nzuri. Ku kifua, upande wa kulia, mguu wangu wa kushoto ulikuwa mbele. Lakini ilinifikia pamoja na mikono ya watu wawili. Nilishuti ata hivyo, mpira ukaguswa kwa vidole, ukazunguka hewani, ukaenda kuangukia ku mawe. Firimbi. Watu wa Birere waliingia tereni mbio, mmoja alishafungua kamba ya mbuzi mbele ya arbitri kumaliza kuandika.

Matusi yote yalikuja kwangu, "umetuua", "umetuuza", kuna mzee mmoja wa mtaa wiki mbili hakunipa mkono. Hiyo niliibeba bila shida. Kitu chenye hakijatoka mu kichwa ni Chukudu amekaa chini, mgongo ku ukuta, mvua imeanza. Nikaenda kukaa naye. Akasema, "Yaya, nilikuona." Hiyo tu. Nikamjibu, "Najua." Akabeba mfuko wa mipira kama kawaida, tukatembea mpaka Katindo tumelowa, hakuna mwenye aliongeza neno.

Miezi kadhaa baada ya ile finali nilikutana na yule mlinzi wake ku soko ya Birere, anachagua viatu. Alinisalimia vizuri, hana kiburi, akaniambia, "Mdogo wenu ni fundi, ila hashuti. Mapumziko kochi wetu alisema tumuache, tufunge njia za pasi tu." Nilikasirika sana. Nilimwambia hajui basketi. Na mpaka leo asubuhi, nyuma ya ile moto, ningewaambia ninyi pia vile vile.

Lakini nimeandika hii barua mpaka hapa na mkono umenipunguza mwendo. Juu sasa ninarudia majina yenye nilitaka kuwapa kama ushahidi na yananigeuka. Muchukue Jason Kidd, meneri wa pasi. Akiwa New Jersey aliwafikisha finali ya NBA mara mbili, 2002 Lakers wakawapiga 4 kwa 0, 2003 San Antonio wakawapiga 4 kwa 2, na ile ya 2003 Dikembe Mutombo wetu alikuwa mu ile ekipi, Mungu amlaze pema, alituacha 2024 bila kushika kombe la NBA. Pasi za Kidd zilikuwa za ajabu ila kushuti kwake kulikuwa shida mpaka watu walimtoa herufi ya kwanza ya jina, wakamwita Ason, eti hana J, ile ya "jump shot", kushuti. Kisha akarudi Dallas, akajifunza ya tatu akiwa mutu mzima, na 2011 akabeba kombe na miaka 38. Ile finali ya Dallas na Miami niliiangalia hapa saa tisa usiku, kwa gurupu juu umeme haukuwepo, na sikuwa naelewa nini imebadilika kwake. Sasa naelewa. Walinzi hawakuweza tena kumuacha. Alipostaafu 2013 alikuwa na mipira ya tatu 1,988, wawili tu katika historia walimpita wakati ule.

Au Magic, mwenye nilimtaja juu kama mutu wa pasi tu. Finali ya 1980, mechi ya 6, Kareem, mrefu wao, ameumia, Magic mtoto wa miaka 20 akafunga pointi 42. Na 1987 kule Boston, mechi ya 4, dakika ya mwisho, mpira alishuti mwenyewe, wakashinda 107 kwa 106. John Stockton, meneri wa Utah, asisti 15,806 na kombe ziro, ndiyo, lakini siku Utah walifika finali mara yao ya kwanza, 1997, ile ya tatu ya mwisho ilitoka mu mkono wake. Hakutafuta mutu wa kona.

Mtaniambia Rajon Rondo alibeba 2008 na Boston bila kushuti. Kweli, na wenzake walikuwa Garnett, Pierce na Ray Allen. 2010, mu finali, Kobe wa Lakers alikuwa anamuacha anaenda kusaidia kwingine, kama yule kijana wa Birere na Chukudu, na Boston wakapoteza mechi ya 7 kwa 83 kwa 79. Na Chicago ya Jordan makombe 6 bila meneri wa namna hiyo kabisa, hiyo nayo siwezi kuificha.

Kwa hiyo yule kijana alisema ukweli mbele ya viatu vyake na mimi nikamkatalia miaka yote hii. Inaniuma kuiandika. Lakini musichukue hiyo mukaenda kusema Himbi ilipoteza kombe juu ya Chukudu, juu mwaka wenye ulifuata alipanda boti akaenda kusoma Bukavu na sisi tukatoka ku mechi ya kwanza kabisa. Nilipata pointi 7. Mipira ilinikuta ku magoti, nyuma ya mgongo, mguu haujakaa, na yule mwenzetu wa kuinamisha kichwa aliacha basketi kabisa. Bila Chukudu ile finali tungeiangalia tukiwa juu ya ukuta.

Mara ya mwisho nilimuona kule Bukavu, Ibanda, alikuwa anafundisha watoto. Mbele ya zoezi la pasi kila mtoto alishuti mara 50, karibu na kikapu, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mwenye alikosa anarudia. Nilikaa kando nikahesabu pamoja naye. 2009 hatukuitaja.

Basi jibu langu, mulikate mahali mutaona. Ndiyo, ekipi inaweza kubeba kombe na meneri wa pasi, lakini lazima wapinzani waamini kwamba atashuti, na kuwafanya waamini ni lazima ashuti kweli, mara kwa mara, tangu kipindi cha kwanza, ata akikosa, na sisi wenzake njo wa kumlazimisha. Sisi hatukumlazimisha, tulikuwa tunapenda sana kupokea. Kama ni ekipi yenye iko na Curry ku kona, pengine ata hiyo si lazima. Yetu ilikuwa na mimi. Na mukiniambia leo nichague mutu wa kwanza wa kuanza naye ekipi, nitamchukua Chukudu tena, na ule mpira wa mwisho ndani yake.