Ukiingizwa kwenye hati ya pamoja ya utafiti

Siku utakapotumiwa kiungo cha makala mnayoiandika na wenzako wa Nairobi, Mwanza na London, usianze kwa kusahihisha. Angalia kwanza hati ni ya nani. Iliyofunguliwa kwa akaunti ya mtu mmoja inaweza kupotea pale anapohama chuo na akaunti yake ikafutwa, kwa hiyo afadhali imilikiwe na mradi.

Ndani ya Google Docs, ingia hali ya mapendekezo (Suggesting), ambayo mabadiliko yako hubaki pendekezo hadi yakubaliwe, kabla ya kugusa sentensi ya mwenzako. Ni kweli historia ya matoleo huonyesha nani kabadili nini, lakini mwandishi mkuu hana muda wa kuipekua mstari kwa mstari.

Kazi kubwa iko kwenye maoni ya pembeni. Ukiandika "Hapa sijaelewa" jioni, wa London atakuuliza hujaelewa nini, wakati huo umeshalala, na siku imekwenda. Andika hivi: "Jedwali la 2 lina kaya 412, aya hii inasema 421. Ipi sahihi? Kama ni 412, nirekebishe?" Mtaje kwa alama ya @ yule anayepaswa kujibu, maana swali lililoulizwa wote kila mtu humwachia mwenzake. Aliyeuliza ndiye afunge maoni yake. Na usinyamaze eti kwa sababu aya ni ya Profesa. "Prof, shikamoo, naomba tuhakiki namba hii" inatosha. Wengi wao hushukuru.

Majedwali yana vituko vyake. Excel ilizoea kugeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadili: sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1. Hata 03/04 kwetu ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Kubalianeni mapema kuanza na mwaka: 2025-04-03.

Marejeo wekeni kwenye maktaba moja ya kikundi, kwa mfano kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, yaishe.

Majina na namba za simu za washiriki wa utafiti zisiingie kwenye hati hiyo hata kwa dakika tano. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mara nyingi kiungo huachwa wazi kwa yeyote atakayekipata bila mtu kukumbuka.

Ukienda kukusanya data kusikokuwa na mtandao wa uhakika, washa matumizi ya nje ya mtandao ungali mjini, kisha uifungue hati mara moja uone kama inafunguka bando likiwa limezimwa.