Kabla hujanunua kadi ya picha ya RX 6600, pima kwanza ujue nini kinakuchelewesha

Ndugu yangu wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili. Una tawa ya ofisi iliyotoka Uingereza, prosesa i5-4570, RAM ya GB 8 kipande kimoja, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti ya GB 4 na skrini ya 1080p ya 60 Hz. Gemu za EA FC 24 na GTA V zinakwamakwama, umeweka akiba shilingi laki tisa, na Jumamosi unataka kushuka Kampala kuchukua RX 6600. Mimi nakuambia usiende Jumamosi hii. Ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Niko Jinja, na mashine yangu ilikuwa pacha wa yako, hadi hicho kipande kimoja cha RAM. Mwaka 2023 nilinunua RX 580 ya mtumba. Wakati ule zilikuwa nyingi, maana Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Nilirudi nayo kwenye teksi nimeipakata mapajani njia nzima. Kufika nyumbani, pawa saplai ya ofisi (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) haina waya wa pini 8 wa kulisha kadi. Fundi mmoja akaniuzia kiunganishi cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulisha diski ya kuhifadhia mafaili, iwe pini 8. Siku ya tatu, katikati ya mechi, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kufungua ubavu wa tawa, nakuta plagi imelainika, imekuwa ya kahawia pale waya wa njano unapoingia, na ukiigusa inanata kidoleni. Plagi ya SATA hubeba wati 54 tu kwenye volti 12. RX 580 inakula hadi wati 185. Nashukuru Mungu nilikuwa nimekaa palepale wakati inaungua.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kabla ya plagi kuungua, gemu ilikuwa karibu ileile. GTA V katikati ya mji nilikuwa napata fremu (picha) 45 kwa sekunde. Kwa kadi mpya nikapata 49. Akiba ya miezi, fremu nne!

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Prosesa ndiyo inayopanga kila fremu: magari yako wapi, nani anavuka barabara, mpira umegonga mwamba ukaelekea wapi. Ikimaliza, inaipa kadi kazi ya kuchora. Kama prosesa ni nzito, kadi inachora haraka kisha inakaa kusubiri, na kadi yenye nguvu zaidi itasubiri muda mrefu zaidi. Sasa tazama mahitaji ya chini waliyoandika wenyewe EA, watengenezaji wa gemu, kwa FC 24: kadi ni GTX 1050 Ti, prosesa ni i5-6600K. Kadi yako imefika mstari. Prosesa yako ndiyo haijafika.

Lakini usiniamini mimi, pima leo usiku. Weka programu ya MSI Afterburner, ni ya bure, uiambie ionyeshe juu ya skrini matumizi ya kadi na matumizi ya kila koo ya prosesa (core, yaani kila kitengo chake cha kazi). Zima V-Sync kwanza, ile inayolinganisha fremu na kasi ya skrini, la sivyo gemu itafungwa kwenye fremu 60 na namba zitakudanganya. Endesha gari katikati ya mji dakika kumi. Kadi ikiwa asilimia 97 kwenda juu muda wote, basi kadi ndiyo imechoka na una haki ya kuibadilisha. Ikiwa inacheza kwenye 50 au 60 huku koo za prosesa zimegonga 100, usiiguse kadi. Halafu shusha azimio (ukubwa wa picha) hadi 720p. Fremu zisipopanda, umepata jibu la pili linalothibitisha la kwanza.

Kwangu kadi ilikuwa kwenye 58. Nikaongeza kipande cha pili cha RAM kinachofanana na cha kwanza, DDR3 ya 1600, na kule kukata kwa ghafla ukipiga kona kukapungua sana, kwa sababu vipande viwili husoma kwa njia mbili badala ya moja. Kisha nikatoa i5 nikaweka i7-4770 ya mtumba. Inaingia kwenye soketi ileile ya 1150, bado ni koo nne lakini zinabeba nyuzi nane, yaani kazi nane kwa pamoja. Nikafuta vumbi jekundu lililoganda kwenye feni, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Hapo ndipo RX 580 ilipoanza kufanya kazi niliyoinunulia, na kwa pawa saplai halisi yenye waya wake wa pini 8.

Hilo la pawa saplai nakuomba ulitazame kabla ya chochote. Tawa nyingi za ofisi zina plagi za kampuni yenyewe kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani), pawa saplai ya kawaida haiingii hadi utafute waya wa kugeuza. RX 6600 inataka wati 132 na pini 8 moja. 1050 Ti yako inakula 75 tu, zote kupitia madabodi, ndiyo maana hukuwahi kuliwaza jambo hili. Kwa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ukicheza saa nne kila siku, tofauti hiyo ni yuniti karibu 7 kwa mwezi.

Sisemi RX 6600 ni mbaya. Ni kadi nzuri kwa 1080p, na 1050 Ti imezeeka kweli: watengenezaji wake Nvidia waliacha kuitolea draiva (programu za kuiendesha) mpya za gemu Oktoba 2025, imebaki na masasisho ya usalama tu. Siku ukiinunua, wala usishawishiwe na RX 6500 XT kwa sababu ya bei. Ile ina njia nne tu za PCIe, zile za kupitisha data kati ya kadi na madabodi, na kwenye madabodi ya zamani kama zetu inapoteza nguvu nyingi. Na ukiangukia RX 580, mwambie muuzaji afungue GPU-Z, programu ya kukagua kadi, mbele yako: halisi inaonyesha sheda (vitengo vya kuchora) 2304, kuna nyingine ina 2048 na inauzwa kwa jina lilelile.

Pima leo, ulete hapa namba mbili, ya kadi na ya koo iliyochoka zaidi, pamoja na picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Nikiziona kabla ya Jumamosi nitakuambia laki tisa hizo uanze kuzitumia wapi.