Kwa kijana aliyeambiwa "nipe muda"

Mleta mada, pole sana. Nitarudia kisa chako kwa ufupi ili anayeingia sasa ajue tunajadili nini. Umemaliza chuo, ukaitwa usaili wa serikalini, mchujo ukapita, mahojiano ukafaulu, lakini nafasi zikajaa ukabaki kwenye kanzidata, yaani orodha ya wanaosubiri kuitwa. Nyumbani wanakuuliza kila wiki. Binti uliyempelekea kishika uchumba mwaka jana anakwambia "nipe muda", na umesikia pembeni kuwa kwao kumeingia barua nyingine. Unauliza mwanaume anavumiliaje kufeli na kukataliwa kwa mpigo.

Wengi hapo juu wamekwambia subira yavuta heri. Mimi niko upande wa pili, wa ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa maelezo yako, wewe bado hujakataliwa popote. Ajira haijakwambia hapana, binti hajakwambia hapana. Uko kwenye foleni mbili, na foleni ndiyo inayokunyima usingizi. Kukataliwa kuna siku yake: utalia, utazima simu, utalala na nguo za kutokea, halafu utaamka una njaa. Kungoja hakuna siku ya kuamkia.

Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Wa rika langu wameshaelewa nikisema hivyo tu. Matokeo yalitoka Februari 2013 na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima tukala ziro. Shuleni kwetu, shule ya kata huko Korogwe, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu, na safu ya daraja ukiisoma kutoka juu ilikuwa 0, 0, 0, IV, 0, 0, kama namba ya simu. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Nyumbani baba akaniuliza nimepata nini, nikamwambia. Akauliza, "Na huyo rafiki yako?" Ziro. "Na mtoto wa mwalimu mkuu?" Ziro. Akakaa kimya kidogo, akasema nikawafungulie mbuzi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukiangalie. Kelele zilikuwa kubwa, bungeni na mitaani, tume ikaundwa, na mwanzoni mwa Mei serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Katika hiyo miezi ya katikati, kijiweni kwetu tuligawanyika. Wapo waliosema ziro ni ziro, wakashika jembe au wakapanda basi. Wapo walioshikilia kwamba wameonewa, kwamba matokeo yao ya kweli yapo mahali yanakuja. Na hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na hoja, na kufutwa kwa yale matokeo kuliwapa nguvu zaidi. Lakini mpangilio mpya ulipotoka, wapo waliopanda, na wengi mno wakakutana na ziro yao ileile.

Mimi wakati huo nilikuwa Morogoro. Mama mdogo alikuwa ameshanipigia simu mwezi Machi: "Njoo huku. Hayo matokeo yakibadilika yatakukuta." Jirani yake alikuwa fundi umeme wa majumbani, nikawa saidia fundi. Kazi yangu ilikuwa kutindua kuta kwa tindo na nyundo, kupitisha mabomba ya waya, na kushika ngazi. Habari ya ziro ya pili ilinikuta juu ya dari, nimelala kifudifudi kwenye vumbi la popo, simu iko mfukoni. Nikasoma meseji. Chini fundi anapiga kelele anataka tesita. Nikampa tesita. Ushujaa haukuwepo hapo, ila mikono ilikuwa na shughuli na ile siku ilikuwa lazima iishe na nyumba ya watu iwake taa. Baadaye nilirisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata vyeti vya kuombea chuo cha ufundi, na hadi leo ninakula kwa waya.

Niliyekaa naye dawati moja alibaki akingoja. Baada ya mpangilio mpya akangoja rufaa, baada ya rufaa akangoja mjomba wa Dar aliyeahidi kumtafutia njia. Leo yuko vizuri kabisa, ana duka la spea za pikipiki, tunaongea. Ila ukimuuliza mwaka 2013 alifanya nini, hana cha kukwambia. Aliacha hadi kuja kijiweni.

Kuhusu ajira, naomba ufanye hesabu kabla hujajiita umefeli. Mwaka 2014 Uhamiaji waliitisha usaili Uwanja wa Taifa, wakaja zaidi ya watu elfu kumi kwa nafasi 70. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walipokea maombi zaidi ya laki moja na thelathini elfu kwa nafasi 1,596, yaani zaidi ya watu themanini kwa kiti kimoja. Wewe umevuka mchujo, umefaulu mahojiano, viti vimeisha. Hiyo haikupi mshahara, najua. Lakini usiende kumwambia mzee wako "nimefeli" wakati hujafeli. Mwambie nafasi zimejaa, na jina lako limehifadhiwa kwa muda. Halafu huo muda ujue mwisho wake, uuandike, na usiweke maisha yako yote ndani yake.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa Historia na Kiswahili, masomo ambayo walimu wake wamejaa mtaani kuliko mchanga. Amemaliza chuo siku nyingi. Anachofanya ni hiki: jioni anafundisha tuisheni watoto wa mtaa sebuleni kwa mama, asubuhi anajitolea shule ya jirani, na tovuti ya ajira anaifungua Jumapili tu akitoka kanisani. Zamani aliifungua saa sita usiku, asubuhi, na kila ikitoka fununu kwenye magrupu. Akaona inamla. Sasa zikitangazwa nafasi anaomba vizuri kama kawaida, akikosa anakosa Jumapili, Jumatatu ana watoto wanaomsubiri na madaftari.

Tuje kwenye mapenzi, ambako ndiko naona umeumia zaidi ingawa umeyaandikia mistari miwili tu.

Kwanza niwajibu wale wanaokwambia "tafuta hela, wanawake watakuja wenyewe." Mimi nilikataliwa nikiwa na hela. Si nyingi, lakini nilikuwa na kazi, nina chumba na sebule, nina pikipiki. Nilipeleka barua ya posa kwao binti kwa utaratibu, nikamtuma mshenga, mzee mmoja mstaarabu wa pale mtaani. Alirudi jioni. Hakuongea mpaka amekaa, amevua kofia. Akatoa bahasha, akanitolea hela iliyokuwa ndani, akaihesabu mbele yangu noti moja moja juu ya stuli ili nione imetimia. Wamesema binti bado mdogo. Binti alikuwa na miaka 26.

Nikataka kumrudisha mzee wiki inayofuata na dau kubwa zaidi. Akakataa. Akaniambia, "Wamerudisha na hela, mwanangu. Wangetaka kukuzungusha wangebaki nayo." Siku ile nilimwona mzee hana huruma. Nilikonda kweli, na kuna nyimbo nilikuwa nikizisikia kwenye daladala nashuka kabla ya kituo. Lakini nilijua nilipo. Ile familia ilinikataa kwa heshima, na hadi leo naisalimia.

Wewe hujapewa hata hiyo heshima. "Nipe muda" inaweza kuwa ya kweli: pengine baba yake anambana, pengine mwenyewe hajui anataka nini, na binti katikati ya barua mbili hayuko mahali pazuri. Kwa hiyo usimtukane, na usiwasikilize wanaokwambia wanawake wote ni walewale. Lakini muda bila tarehe usiukubali. Mtume mshenga wako akaulize kwa wazazi, kwa adabu: ile posa bado ipo au haipo, na jibu mnatupa lini? Wakitaja siku, isubiri siku hiyo. Ikipita kimya, jibu umepata. Na katika kusubiri huko acha kufungua stetasi yake na kuhesabu nani kaiona kabla yako. Ukiweza, usiwe na namba yake kwenye simu kabisa. Iwe kwa mshenga.

Jingine, usijifiche. Umesema umeacha kwenda harusini na hata msibani kwa sababu ya maswali. Nenda. Shangazi atakuuliza "kazi vipi, mke vipi", utajibu "bado, shangazi, niombee", na atahamia kwenye pilau. Swali linauma la kwanza na la pili. Ukijifungia ndani, unaulizwa na wewe mwenyewe usiku kucha, na huyo hachoki.

Ila kama huli, hulali kwa wiki kadhaa, na mawazo ya kujidhuru yanakujia, hapo sisi hatutoshi. Mwambie leo mtu mmoja wa karibu, na mwende naye hospitali ya mkoa muulizie huduma ya afya ya akili. Siandiki hili kwa kujaza nafasi.

Mwisho, uliuliza kama unaweza kudai kishika uchumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai kurudishiwa zawadi uliyotoa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Kwa hiyo haki unayo. Kuitumia ni jambo jingine: piga hesabu ya nauli, siku za mahakamani, na watu wa mtaa mmoja kuonana kizimbani kwa sababu ya laki mbili. Mimi ningemtuma mshenga huyohuyo, aulize mara moja tu, siku ileile anayoenda kuchukua jibu la posa. Wakirudisha, kanunue vifaa vya kuanzia hiyo kazi ya kutengeneza simu uliyoitaja. Wasiporudisha, usimtume tena.