Programu ya Python ni nzito na hujui wapi? Anzia py-spy, zana inayoonyesha muda unaishia wapi

Usibahatishe kwa kusoma msimbo, na cProfile (zana ya kupima inayokuja na Python) iache kwanza: inarekodi kila mwito wa funkisheni, hivyo zile ndogo zinazoitwa mara nyingi huonekana nzito kuliko zilivyo. Programu ikiwa bado inakimbia:

sudo py-spy record --pid 4312 --duration 60 -o mchoro.svg

(4312 weka namba ya prosesi yako.) Inachungulia mara 100 kwa sekunde, huhitaji kuizima programu. Kwenye mchoro tazama upana wa visanduku: kila kisanduku ni funkisheni, na kilicho kipana ndicho kinachokula muda mwingi. Kushoto kwenda kulia si mfuatano wa muda.

Mtego wake: nyuzi (threads) zilizolala, yaani zinazosubiri tu, haziingizwi. CPU ikiwa chini na majibu bado yanachelewa, rudia ukiongeza --idle. Mara nyingi utakuta inasubiri hifadhidata, hoja (query) ileile ikitumwa ndani ya kitanzi.