Unaenda kupresenti projekti yako ya dizaini? Maswali yenu haya hapa

Wengi mmeniuliza kuhusu ile siku unaitwa kwenye intavyu ya kazi ya dizaini, af unaambiwa uje na projekti ya kwenye potifolio uwaelezee. Nimechagua yale yanayojirudia sana.

Nimepewa dakika 45 na nina projekti nane, nionyeshe ngapi?

Moja, ukizidisha sana mbili. Hizo 45 sio zako zote jamani, kuna kusalimiana, kuna maswali, kwa hiyo jipangie kuongea 25 hivi. Na usichague projekti kwa sababu inapendeza macho tu, chagua ile ambayo mtu akikunyooshea kidole popote kwenye skrini akauliza "hii kwa nini iko hapa?" una jibu.

Kwenye kozi tulifundishwa kuanza na mchoro wa almasi mbili, niuweke?

Uache. Ule mchoro wa Design Council ya Uingereza, unaoonyesha hatua za kazi ya dizaini kwa almasi mbili, ni mzuri kwa kujifunzia, ila waliokaa mbele yako wameshauona kwa kila mtu aliyekuja kabla yako na hauwaambii chochote kuhusu wewe. Anza na tatizo, kwa maneno ya kawaida kabisa. Mfano tuseme ulifanya app ya kuuza vitu, sema hivi: "Watu walikuwa wanajaza kikapu vizuri, wakifika kwenye malipo wanaondoka, maana gharama ya kuletewa mzigo ilikuwa inaibuka mwisho kabisa." Hapo hapo waonyeshe skrini ya zamani, waone wenyewe ile gharama ilivyojificha chini, af weka ya sasa ambayo gharama imekaa pembeni ya bei toka mwanzo. Af sasa, na hapa ndo watu wengi wanaparuka, waambie mlifikiria nini kingine mkakiacha. Labda mlitaka kuweka kitufe cha kukokotoa gharama, mkaacha kwa sababu kinamlazimisha mtu kujaza anwani kabla hata hajaamua kununua. Mimi naamini kabisa kile ulichokiacha kinaonyesha akili yako kuliko kile ulichokibakiza, maana skrini iliyokamilika inaonyesha tu kwamba unaweza kuchora, ila sababu ya kuacha inaonyesha kwamba ulimfikiria mtumiaji.

Tulikuwa timu, niseme "mimi" au "sisi"?

Yote mawili, kila moja mahali pake. Slaidi ya mwanzo taja timu ilikuwa na nani na nani, dizaina wawili, madevelopa, mtu wa utafiti, na wewe ulishika kipi. Ukisema "sisi" mwanzo mwisho hakuna atakayejua ulifanya nini, na ukisema "mimi" kwenye kazi ya mwenzako ni kumdhulumu, na maswali mawili tu ya undani yatakuumbua.

Projekti yangu haijawahi kutoka, sina namba za matokeo.

Usitunge! Namba ya kutunga inajulikana haraka mno, wakiuliza tu "mlipimaje?" imeisha. Sema ulichokiona: uliwapa watu watano prototaipu (mfano wa kujaribia), watatu wakakwama sehemu moja ile ile, ukabadilisha nini baada ya hapo. Watano wanatosha kuona matatizo makubwa, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika hivyo tangu mwaka 2000 na madizaina wengi bado wanafanya hivyo. Ila usije ukaandika "asilimia 60 ya watumiaji walikwama" wakati ni watu watatu kati ya watano, sema watatu kati ya watano.

Nilisaini mkataba wa usiri na mteja, naweza kuionyesha?

Soma mkataba, omba ruhusa kwa maandishi, wakikataa peleka projekti nyingine. Kufuta nembo tu hakutoshi, na anayekuajiri akiona unamwaga siri za mteja wa jana anajua na zake utazimwaga.

Niende na slaidi au nifungue Figma moja kwa moja?

Slaidi, za upana wa 16:9, na kopi ya PDF ndani ya laptopu maana intaneti haina adabu. Figma, ile programu uliyochorea dizaini, iache tayari pembeni kwa ajili ya mtu atakayetaka kuona undani. Zima notifikesheni zote, na kama ni kwa video shea dirisha moja tu badala ya skrini nzima. Halafu maandishi ya kijivu kwenye nyeupe mnayapenda sana! Kiwango cha WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni utofauti wa mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma wa 4.5 kwa 1, kijivu chenye kodi ya rangi #999999 kwenye nyeupe hakifiki hata 3, na #767676 kinapita kwa shida. Dizaina anayeleta slaidi zisizosomeka ameshajijibia maswali mengi kabla hajafungua mdomo.

Wakiniuliza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria je?

Tulia kidogo kabla ya kujibu, hakuna anayekukimbiza. Kama hamkukipima sema hamkukipima, af fikiri kwa sauti mbele yao: ungeanza kumuuliza nani, ungeangalia nini, na jibu likija tofauti ungebadilisha skrini ipi. Wakianza kukuchangia mawazo chukua kalamu uandike, maana hapo mmeshaanza kufanya kazi pamoja.