Nimeapa mara tatu kuacha kubeti, na mara tatu nimerudi

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina miaka 23, naendesha boda hapa Arua, Uganda. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu mara tatu kwamba sitabeti tena, na mara zote nimerudi. Kwa nini narudi? Tiketi zangu nyingi hufa kwa mechi moja tu, kwa hiyo naona kama niko karibu. Hata ndani ya swala ya Isha naona odi, zile namba za malipo ya tiketi, mbele ya macho. Mwaka jana niliweka 1,000 nikapata 613,000, nikamnunulia mama mabati. Je, yale mabati ni haramu? Viapo vyangu vina hukumu gani? Na gemu ya bure ya kwenye simu, yenye maboksi ya zawadi, nayo ni kamari?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Hukumu ya kubeti unaijua, ndiyo maana uliapa. Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90, akaziita uchafu katika kazi ya Shetani. Kuweka mali yako kwenye jambo usilojua mwisho wake, ili ama uchukue cha mwenzako ama upoteze chako, ni maysir, yaani kamari, hata ukiiita utabiri wa mpira. Na kwa umri wako hata serikali inakukataza: sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 imeweka miaka 25 kuwa umri wa chini kabisa nchini Uganda.

Lakini hukuuliza hukumu ya kubeti. Umeuliza kwa nini unarudi, na hilo ndilo la kushughulikiwa, kwa sababu toba isiyojua adui ameingilia mlango gani huishia kuulinda ukuta.

Tuanze na hiyo mechi moja. Chukua tiketi ya mechi 10, kila moja ukichagua magoli zaidi au pungufu ya mawili na nusu, kwa odi ya 1.90, yaani ukipatia unalipwa dau lako mara 1.90. Tuseme kila upande una nafasi sawa. Odi ya haki ingekuwa 2.00, kampuni imeshakata chake kabla mpira haujaanza. Ukiandika 1.90 mara kumi na kuzizidisha zote pamoja unapata kama 613, yaani 613,000 zako kwa tiketi ya 1,000. Nafasi ya kupatia zote ni moja katika 1,024. Malipo ya haki yangekuwa 1,024,000, kwa hiyo makato madogo ya kila mechi yamerundikana mpaka kila 1,000 unayoweka ina thamani ya kama shilingi 600 tu pale pale unapolipa. Sasa tazama hili: nafasi ya kupatia tisa na kukosa moja ni 10 katika 1,024. Kwa kila tiketi moja inayoshinda, kumi hufa kwa mechi moja, na nyingine 45 hufa kwa mechi mbili. Kwa hiyo tiketi kufa kwa mechi moja si dalili ya kukaribia. Ndivyo tiketi ndefu ilivyo, na ingekutokea hata ungechagua kwa kufumba macho. Mechi ya wiki hii haijui kwamba wiki iliyopita ulikosa moja.

Waliochunguza ubongo wa wacheza kamari wameona kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na ushindi, na humtia mtu hamu ya kuendelea, ingawa mwenyewe atakwambia imemuuma. Ndiyo maana mtu aliyekosa mechi nane hutupa tiketi na kwenda zake, na aliyekosa moja hupanga tiketi nyingine usiku huo huo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wengi hudhani mcheza kamari anapenda pesa. Angalikuwa anapenda pesa angeacha siku aliyoshinda 613,000. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha, kwa njiwa waliopewa punje kwa kudonoa kitufe, kwamba punje inayokuja bila mpango unaojulikana humfanya ndege adonoe kwa kasi na kwa muda mrefu, na hata punje zikikatwa kabisa huendelea kudonoa. Mwaka 2003 Wolfram Schultz na wenzake walichapisha walichokiona kwa nyani waliokuwa wakingoja tone la kinywaji baada ya alama kwenye skrini. Seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu, zilizidi kuamka wakati wa kungoja, na ziliamka zaidi kabisa pale nafasi ya kupata ilipokuwa nusu kwa nusu. Kwa maneno mengine, nafsi yako imefungwa na kungoja kuliko kupata. Tiketi ya shilingi 1,000 ni saa kadhaa za kungoja zilizonunuliwa kwa bei ndogo. Aviator, ile gemu ya kubeti ya ndege inayopaa, na mashine za sarafu za kwenye trading senta zimekwenda mbali zaidi: kungoja kumefupishwa kuwa sekunde, ukipoteza mzunguko mwingine uko tayari kabla hujapata nafasi ya kujuta.

Hapo ndipo aya ya 91 inapotugusa. Mwenyezi Mungu anasema Shetani anataka kututilia uadui na chuki kwa ulevi na kamari, na kutuzuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Mali haikutajwa hapo, ingawa inapotea. Kilichotajwa ni moyo kushughulishwa. Mechi za Jumamosi za ligi ya Uingereza, zile za saa tisa alasiri kwao, kwetu huanza saa 11 jioni, na majira yao ya baridi saa 12. Kwetu swala ya Magharibi huingia kati ya saa 12 na nusu na saa moja na robo. Kwa hiyo tiketi yako ama inakaribia kuamuliwa ama iko katikati wakati adhana inaposomwa. Moyo unaongoja matokeo hausimami kwenye Alhamdu, na ukifika Isha bado unahesabu. Odi unazoziona kwenye swala si dalili kwamba Mwenyezi Mungu amekukataa. Ni mazoezi uliyoupa moyo kila wiki, na mazoezi hufutwa kwa mazoezi mengine. Swala hiyo usiiache hata ikiwa imejaa odi.

Sasa vitendo. Kufuta programu tu hakutoshi, kwani akaunti inabaki na kuirudisha ni dakika mbili. Iandikie kampuni kwamba unataka akaunti ifungwe moja kwa moja, na taja umri wako: hawana haki ya kuibakiza. Salio lililobaki, hata 500, litoe lote siku hiyo. Wengi wamerudi kwa sababu ya salio la kumalizia. Zuia namba zinazotuma ujumbe wa bonasi na tiketi za bure, maana tiketi ya bure hutumwa hasa kwa aliyepotea muda.

Kisha pesa. Mtu wa boda ana hatari ambayo mwenye mshahara hana: anapata pesa kila siku, na nyingine zinaingia kwenye simu, hatua moja tu kutoka kwenye akaunti ya kubeti. Kabla ya saa 10 jioni peleka mapato ya siku kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, ya steji, au kwa mkeo au mama, ubaki na noti za petroli na chakula tu. Usikubali kubaki na "kidogo cha dharura" kwenye simu. Hicho kidogo ndicho kitakachoondoka. Mikopo ya simu usiiguse kabisa. Ukiwa na deni, liandike na mwambie mwenye nalo, kwa sababu deni la siri ndilo linalomshawishi mtu arudi "kurudisha" pesa, na mtu anayekimbiza hasara ndiye anayepoteza boda yenyewe.

Jumamosi saa 11 usiwe karibu na kibanda cha kubeti wala kibanda cha video. Kutazama mpira hakujaharamishwa kwa dhati yake, lakini kwako kwa miezi hii ya kwanza mpira na tiketi ni kitu kimoja. Hamu ikikupanda, jua kwamba ni wimbi: hupanda, hufika kileleni, na aghalabu hushuka ndani ya nusu saa ikiwa hukuilisha. Washa pikipiki uchukue abiria, au tia udhu uende msikitini kabla ya adhana. Kosa ni kukaa peke yako na simu mkononi ukibishana nayo.

Ukiteleza, usiseme "basi nimeshaharibu, nimalizie wiki". Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amesema mwenye kumwambia mwenzake "njoo nicheze nawe kamari" na atoe sadaka. Hilo ni kwa kutamka tu. Kwa hiyo toa sadaka siku hiyo hiyo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na uangalie ni mlango upi ulibaki wazi: salio, namba, au saa.

Mabati usiyang'oe. Shilingi 1,000 uliyoweka ni yako; iliyozidi, 612,000, si yako, na kuirudisha kwa kampuni ni kuisaidia katika haramu yake. Itoe kwa masikini au maslahi ya Waislamu, kidogo kidogo kadiri ya uwezo, kwa nia ya kujitakasa na si ya kutafuta thawabu ya sadaka. Ukiwa fakiri kweli kweli, Imamu Nawawi amenukuu kwa Imamu Ghazali kwamba mwenye kutubu anaweza kujilisha yeye na watu wake humo kwa kiasi cha haja. Mama yako hana dhambi kwa mvua inayozuiwa na bati hilo.

Gemu ya bure isiyo na dau si kamari kwa hukumu yake. Lakini ukilipia boksi bila kujua ndani mna nini, umeingia. Ubelgiji mwaka 2018 ilihukumu maboksi ya namna hiyo kuwa kamari kwa sheria ya kidunia. Na kwako nashauri uache hata ya bure, kwani boksi linalofunguka kwa kubahatisha linafundisha kungoja kule kule.

Kuhusu viapo: uliapa, ukavunja, ukaapa tena. Kwa kauli ya wanavyuoni wengi kila kilichovunjwa kina kafara yake, kwa hiyo una tatu. Kila moja ni kuwalisha masikini kumi, kibaba kimoja kwa kila mtu. Toa robo tatu ya kilo ya mchele au unga kwa tahadhari, yaani kilo saba na nusu kwa kafara moja, au wavishe nguo. Ukishindwa kabisa ndipo ufunge siku tatu kwa kila kiapo. Hukumu hii iko aya ya 89, moja tu kabla ya aya ya kamari.

Na ikiwa baada ya haya yote bado huwezi, au umeanza kufikiria kujidhuru, nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Arua; Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha kamari ya kupindukia miongoni mwa maradhi, na kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Usiape mara ya nne. Kila ukiswali Alfajiri nuia siku hiyo moja tu, mpaka Isha.

Wallahu aalam.