SR-22 kama huna gari
Kaka uliyeuliza kama lazima ununue gari kwanza ndo upate SR-22 na leseni yako ya Texas iliyofungiwa irudi, hapana, usijitie hasara. SR-22 yenyewe wala sio bima, ni fomu tu kampuni ya bima inaituma jimboni kuthibitisha kwamba unayo, so we piga simu omba bima ya dereva asiye na gari na uwaambie mapema unataka na SR-22 maana sio kampuni zote wanaitoa. Ada ya fomu ndogo, kinachouma ni premiamu, yaani hela unayolipia bima yenyewe! Texas unakaa nayo miaka 2 toka tarehe ya hukumu, bima ikikatika kampuni inatuma SR-26, fomu ya kuliambia jimbo bima imekatika, na leseni inafungiwa tena. Ila kama kila siku unaendesha gari la mtu mnayeishi naye nyumba moja, hiyo bima haikufai, waambie ukweli.